Kiwewe Kina Tiba: Macho Yanavyosaidia Moyo

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilipakia watu wengi kupita uwezo wake. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana. Tume ya uchunguzi ilihesabu waliokufa na wasioonekana kuwa ni zaidi ya 1,500. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Nani kati yetu hapa Mpendae hana jamaa au jirani wa Pemba? Misiba ile iliingia nyumba nyingi.

Waliokufa walizikwa na kusomewa hitma. Leo tuzungumze juu ya walionusurika.

Tuseme yuko mama mmoja aliyeelea juu ya godoro mpaka asubuhi. Mwili wake mzima. Anapika, anauza, anacheka na wenzake. Lakini usiku anapiga kelele usingizini. Akisikia harufu ya dizeli, mikono inamtetemeka. Kaka yake akioa Wete, yeye hasafiri. Watoto wakimwaga maji kwa ghafla, anawapiga, kisha analia peke yake. Majirani wanasema, "Huyu kapatwa na shetani." Wengine wanasema, "Imani yake ndogo."

Je, ni kweli? Wataalamu wanasema huyu ana kiwewe. Kiwewe ni jeraha la moyo na ubongo, linalobaki baada ya mtu kuona mauti kwa karibu. Humpata mvuvi, askari, aliyepigwa, aliyebakwa, hata dereva wa daladala. Hodari na mcha Mungu pia hupata.

Hebu tufahamu linavyokaa jeraha hili. Mambo ya kawaida yakipita, ubongo huyapanga. Ukikumbuka harusi ya mwaka juzi, unajua kuwa imekwisha. Jambo la kutisha mno huenda lisipangwe hivyo. Linabaki bichi, na sauti yake na harufu yake. Likiguswa kidogo tu, mwili unadhani meli inazama sasa hivi. Ndiyo maana kumwambia mtu "sahau" hakumsaidii. Angeweza kusahau, angesahau zamani.

Iko tiba moja ambayo ukiisikia mara ya kwanza utacheka. Mgonjwa anafuatisha kidole cha mganguzi kwa macho! Kwa Kizungu inajulikana kwa herufi EMDR. Aliyeianzisha ni mwanamke wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini na mawazo mazito. Akaona kuwa macho yake yakienda huku na huku, mawazo yale yanapungua ukali. Akaanza kuwajaribia watu wengine, na mwaka 1989 akachapisha matokeo yake.

Kazi yenyewe haianzi kwa kidole. Kwanza mtaalamu anasikiliza khabari za mgonjwa, na anamfundisha namna ya kujituliza. Hapo tena mgonjwa anachagua picha moja inayomtesa, tuseme ile ya maji yanaingia melini. Anaulizwa, "Kutoka 0 mpaka 10, inakuumiza kiasi gani?" Kisha anaishika picha ile moyoni, huku macho yanafuata kidole kushoto na kulia, kwa muda mfupi kama nusu dakika. Wanapumzika. Anaulizwa, "Sasa umeona nini?" Anasema lililomjia, na wanarudia. Mara nyingine badala ya kidole anagongwagongwa mikononi, huku na huku kwa zamu. Kikao kimoja huchukua saa moja au moja na nusu, na huwa vikao kadhaa.

Mgonjwa halazwi usingizi wala hapungwi. Wala hasahau. Atakumbuka meli ilizama, lakini atakumbuka kama jambo lililopita. Na jambo moja napenda sana katika tiba hii: halazimishwi kusimulia kila kitu. Kwa watu wenye haya kama sisi, hasa kwa mwanamke aliyebakwa, hilo si dogo.

Kwa nini inafanya kazi? Hapa wataalamu wenyewe wanabishana. Wengine wanasema ubongo ukishughulika na macho, hauna nafasi ya kuishika picha ile kwa nguvu zote, basi ukali unapungua. Wengine wanasema macho si kitu, kinachoponya ni kuikabili kumbukumbu mbele ya mtu anayekulinda. Lakini kwamba tiba inasaidia, ushahidi upo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja miongoni mwa tiba zinazofaa kwa kiwewe, pamoja na aina fulani ya tiba ya mazungumzo.

Tahadhari! Usimkalishe jirani yako barazani ukampungia kidole. Kumfungulia mtu jeraha bila kujua kulifunga ni kumdhuru. Kazi hii ni ya aliyesomea.

Sisi tusiosomea tunayo kazi yetu. Kaa naye. Akitaka kusema, msikilize, asipotaka, usimchokonoe. Usimkemee kwa kulia. Dua na kisomo cha Kurani viendelee, havigombani na daktari. Na dalili zikizidi mwezi mmoja, mpeleke kituo cha afya, au Hospitali ya Kidongo Chekundu. Najua jina hilo linatutisha. Tunaogopa watu watasema, "Fulani mwehu." Lakini mtu akivunjika mguu tunambeba mchana kweupe, hatumfichi.

Si kila hospitali ina mtaalamu wa tiba hii ya macho. Basi ukifika, usidai tiba kwa jina. Eleza dalili: halali, anashtuka, anakwepa bahari, tangu lini. Daktari ataamua ipi inafaa. Ikiwa mgonjwa anasema anataka kujiua, msisubiri hata siku moja. Msimwache peke yake, na mpelekeni siku hiyo hiyo.