Kompyuta Moja Binafsi Yaweza Kuvuruga Mtandao wa Chuo Kizima

Mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, una taasisi ambazo kazi zake za kila siku hutegemea mtandao wa kompyuta. Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia takwimu za afya na idadi ya watu katika Bonde la Kilombero tangu mwaka 1996, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko huandaa madaktari katika mji huohuo. Mahali penye shughuli kama hizo, kompyuta mpakato ya mwanafunzi mmoja yaweza kuwaathiri watumiaji wote.

Si kila hitilafu hutokana na virusi. Kompyuta inapoungwa kwenye mtandao hupewa anwani na seva ya chuo. Mwanafunzi akichomeka ruta yake ndogo kwenye tundu la ukutani bwenini, ili yeye na wenzake wapate intaneti bila waya, ruta hiyo nayo huweza kuanza kugawa anwani. Kompyuta nyingine, hata za ofisini zikiwa katika sehemu hiyohiyo ya mtandao, huzipokea bila kushuku na kukosa njia ya kutoka. Watumiaji huilaumu kampuni ya simu, ilhali chanzo kipo chumba cha pili. Kinga yake si ya gharama kubwa: swichi nyingi za kisasa huweza kupangwa zikubali anwani zinazotoka kwenye tundu la seva pekee.

Virusi navyo vina hatari yake. Mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kiliingia katika nchi zaidi ya 150 na kukwamisha huduma za hospitali nchini Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa masasisho ya kukizuia tangu Machi. Kilihama chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote. Ndiyo sababu kompyuta binafsi hutengewa sehemu yake, mbali na kumbukumbu za wagonjwa na takwimu za utafiti, na kuzuiwa zisiwasiliane zenyewe kwa zenyewe.

Wanafunzi wengi huzima masasisho kwa kuwa hula bando, na kuwakaripia hakusaidii. Chuo kinachoyahifadhi kwenye seva yake ya ndani huwawezesha kuyapata bila malipo. Kwa anayevuruga mfumo kwa makusudi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika.