Gitaa la kwaya mezani kwa fundi redio

Kiangazi cha Ufipa kina mlio wake ndani ya spika. Mwezi wa saba na wa nane upepo mkavu huvuma juu ya uwanda, vumbi likapanda hadi kwenye mabenchi ya kanisani. Mpiga solo akipitisha kiganja tu juu ya plastiki ya gitaa lake, waumini wa viti vya mbele husikia kama karatasi inachanwa. Kwenye kwaya yetu ya Kaengesa tulidhani ni waya mbovu. Tukabadilisha waya, mlio ukabaki. Kumbe ni plastiki yenyewe: hewa ikiwa kavu, mkono ukiisugua inajikusanyia umeme, sawasawa na sweta linalotoa cheche ukilivua usiku wa baridi.

Plastiki hiyo ni lile bamba la mbele, ambalo mafundi wa magitaa huliita pikigadi. Lipo ili kipigio kisikwaruze rangi na mbao. Letu lilikuwa na kazi ya ziada na ufa mrefu, kuanzia tundu la skrubu hadi kwenye swichi.

Gitaa lenyewe ni la kuiga umbo la Stratocaster, na hapo ndipo bamba linapokuwa zaidi ya pambo. Vinasa sauti vyote vitatu vinaning'inia juu yake (wapigaji huviita pikapu, jina ambalo Sumbawanga ni gari la kubebea mahindi). Swichi imefungwa humo, na volyumu na toni zimo humo. Ukiling'oa bamba umeng'oa karibu umeme wote wa gitaa. Ndiyo maana vijana wa kwaya waliligwaya kwa miaka.

Woga huo ungepungua kama wangejua aliyebuni Stratocaster ni nani. Ni Leo Fender, ambaye hakuwa mpiga gitaa. Hakujifunza kulipiga hadi anakufa mwaka 1991. Alikuwa fundi redio, mwenye duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, tangu 1938. Stratocaster ya 1954 aliiunda kama fundi redio anavyounda redio: kila kitu kifungwe kwanza kwenye bamba, juu ya meza, kisha kipachikwe ndani ya mbao mara moja. Kwa hiyo tulipolibeba gitaa la kwaya hadi kwa fundi redio, hatukumpelekea kazi ya kigeni. Nchi hii nayo haikuanza ufundi jana. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, kabla ya skrubu yoyote kufika hapa.

Kosa letu lilikuwa kuagiza bamba jipya kwa maneno. Tulimwambia mtu aliyekuwa akienda Dar es Salaam: "Tuletee la Strat, jeupe." Likaja jeupe, na kweli likaja la Strat, ila matundu matatu kati ya 11 hayakulingana na ya kwenye mbao. Magitaa ya kuiga ndivyo yalivyo. Milimita mbili huku, milimita tatu kule. Hata ya Fender yenyewe hayakubaki vilevile: ya 1954 yalikuwa na skrubu nane, na kuanzia 1959 zikawa 11.

Kazi ilianza kwa kulegeza nyuzi na kuzitoa, kisha kuvua vitufe vitatu. Skrubu zikawekwa kwenye kikombe. Fundi aligeuza bamba taratibu, akatuagiza tupige picha kwa simu kabla hajagusa kitu. Nyaya zinazouunganisha umeme wa bamba na mwili wa gitaa ni tatu tu: mbili za kwenda kwenye tundu la kuchomekea waya, na moja ya kwenda kwenye chuma kinachoshika springi za nyuma. Mengine yote yanahamishwa na bamba.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyomfanya fundi agune. Ni ya ethi, na ilikuwa imeshikilia kwa unywele mmoja. Ule mvumo uliotusumbua kila ibada, ambao mpiga bezi alikuwa akilaumiwa kwa ajili yake, ulitoka hapo. Fundi akaiyeyusha lehemu ya zamani, akatia mpya, ikang'aa. Vumbi la ndani ya volyumu lilisafishwa pia.

Matundu matatu yaliyopishana hayakulazimishwa. Skrubu ikilazimishwa kwa pembe ndiyo inayozaa ufa kama ule wa kwanza. Yalizibwa kwa njiti za kiberiti na gundi ya mbao, yakaachwa usiku kucha, asubuhi yakatobolewa mapya. Chini ya bamba tulibandika karatasi ya aluminiamu ya jikoni, igusane na magamba ya volyumu ambayo yameungwa na ethi, lakini isiguse nyaya zinazobeba sauti. Hiyo ndiyo dawa ya mlio wa kiangazi. Kabla ya kufunga, fundi alichomeka amplifaya sauti ikiwa chini, akagonga kila kinasa kwa ncha ya bisibisi. Vyote vitatu vikaitika.

Niseme wazi: bamba jipya lenyewe halikuongeza utamu wowote kwenye sauti. Anayeuza kwa ahadi hiyo anauza plastiki kwa bei ya muziki. Faida ilikuwa kulifungua gitaa.

Na mbali na woga, kwa nini lilikaa bila kufunguliwa? Gitaa la kwaya ni la wote. Ni tabia ya zamani kwetu. NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilipigia vyombo vya mwajiri, na bendi nyingi za dansi zilikuwa hivyo. Mpigaji akihama, gitaa linabaki. Mtu hashiki bisibisi kwa mali ambayo kesho si yake.

Kwa kwaya zinazotaka kufanya kama sisi: fungueni bamba la zamani, lilazeni juu ya karatasi, choreni ukingo na kila tundu kwa penseli, kisha mpeni anayekwenda Mbeya au Kariakoo karatasi hiyo alinganishe dukani. Ile nailoni laini ya juu ya bamba jipya ibandueni polepole, kisha mlifute bamba kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. La zamani msilitupe. Letu limetundikwa ukutani kwa fundi, na ameshalitumia kama kipimo kwa gitaa la kwaya nyingine.