Viwanda vya Mafuta na Plastiki Chini ya Paa Moja

Petroli ya gari na ndoo ya plastiki ni ndugu wa tumbo moja, kwani mara nyingi zote mbili huzaliwa na mafuta ghafi. Hata hivyo, katika nchi nyingi ndugu hawa walilelewa mbalimbali: kiwanda kimoja kikisafisha mafuta, na kingine kikinunua nafta ili kutengeneza malighafi ya plastiki.

Malighafi hiyo ni olefini, hasa ethilini na propilini. Mwanafunzi wa kemia atakumbuka kwamba molekuli ya ethilini ina atomi 2 za kaboni zilizoshikana kwa kifungo maradufu. Thamani yake imo katika kifungo hicho: kikifunguka, molekuli hushikana mikono zikawa mnyororo mrefu uitwao polithini. Lakini katika mafuta ghafi olefini karibu hazimo. Ili kuzipata, nafta huchanganywa na mvuke wa maji na kupitishwa katika mabomba yaliyomo tanurini, kwenye joto la nyuzi 800 za sentigredi na zaidi, kwa muda usiotimia sekunde moja. Kisha hupozwa ghafla, kwani ikichelewa olefini huanza kugeuka masizi.

Ethilini huchemka kwenye nyuzi 104 chini ya sifuri. Kuisafirisha mbali ni kazi ya gharama, na hapo ndipo ujirani unapofaa. Kiwanda cha mafuta humpa jirani yake nafta. Naye hurudisha haidrojeni, ambayo huhitajika sana katika kuondoa salfa kwenye dizeli.

Mfano mkubwa uko Jamnagar, katika pwani ya Gujarat, ng'ambo ya bahari yetu. Viwanda viwili vya kusafishia mafuta, cha mwaka 1999 na cha mwaka 2008, vina uwezo wa mapipa yapata milioni 1.24 kwa siku. Mitambo inayovunja mafuta mazito hutoa pia gesi zenye ethani na ethilini, ambazo zamani zilichomwa matanurini kama kuni. Tangu mwaka 2018 gesi hizo hulisha mtambo wa olefini wenye uwezo wa tani milioni 1.5 kwa mwaka. Matanuri, bila shaka, hayakuacha kudai moto. Mahali pa gesi hizo pamewekwa gesi itengenezwayo kwa koki ya mafuta, ambayo ina kaboni nyingi zaidi. Faida ya upande mmoja imelipiwa kwa gesi ya ukaa upande mwingine.

Je, kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichosafisha mafuta tangu 1963 hadi 2013, kingeweza kufanya hivyo? Hakikuwa na mtambo wa kuvunja molekuli nzito, na uwezo wake ulikuwa mapipa yapata 70,000 kwa siku, sawa na tani milioni 3.5 hivi za mafuta ghafi kwa mwaka. Sasa tupige hesabu. Katika kila tani 100 za nafta hupatikana takriban tani 30 za ethilini. Mtambo wa tani milioni 1 za ethilini hula basi zaidi ya tani milioni 3 za nafta, nayo nafta ni sehemu ndogo tu ya mafuta ghafi. Viwanda vya mabomba na ndoo vya Nairobi na Dar es Salaam hununua punje za plastiki kutoka ng'ambo.