Unaenda Luleå? Simu Yako Peke Yake Haitakutosha

Mmoja wetu hapa ofisini alikuwa Luleå mwezi wa Februari, kumtembelea dada yake anayesoma chuo kikuu huko. Jioni moja alisimama kituoni akingoja basi, baridi ikiwa nyuzi 22 chini ya sifuri. Simu ilionyesha chaji asilimia 40. Akaitoa ili anunue tiketi, akabonyeza mara mbili tatu, ikazima. Mfukoni alikuwa na noti ya krona 200, pesa halali kabisa, lakini dereva akatikisa kichwa kwa upole: basi halichukui keshi. Kadi aliyotegemea ilikuwa ndani ya simu tu. Akatembea zaidi ya nusu saa kwenye theluji hadi nyumbani kwa dada, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikaa hadi kesho yake asubuhi ndipo vikaanza kuhisi vizuri.

Mtu huyo anafanya kazi kwenye kampuni ya malipo kwa simu. Kama yeye alinaswa, yeyote anaweza kunaswa. Ndiyo maana tunaandika haya.

Luleå ni wapi, na mtu anaenda kufanya nini?

Luleå, jina linalotamkwa karibu kama "Luleo", ni mji wa pwani wa watu karibu elfu hamsini, kaskazini mwa Uswidi, kule juu kabisa ambako Ghuba ya Bothnia inaishia. Kutoka hapo hadi mstari wa Aktiki ni kama kilomita mia moja. Wakenya wanaofika huko wengi wanaenda kusoma kwenye chuo kikuu cha teknolojia, au kumwona ndugu. Wachache wanaenda kutalii, na kusema kweli wachache hao wameamua vizuri.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Utabadilisha njiani, ufike Stockholm, kisha uchukue ndege nyingine ya saa moja na kitu, au treni ya usiku ambayo hulala njiani na kukufikisha asubuhi. Wakati wa baridi Luleå iko nyuma yetu kwa saa mbili, wakati wa kiangazi saa moja. Katikati ya Desemba mwanga wa jua ni kama saa tatu tu kwa siku. Mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa sita usiku na kurudi kabla hujapata usingizi.

"Si nao wanalipa kwa simu kama sisi?"

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na ndilo linalowapoteza watu. Ndiyo, Waswidi wanalipa kwa simu. Programu yao inaitwa Swish, ilianza Desemba 2012, miaka mitano baada ya Kenya kuanza kutumiana pesa kwa simu. Utaiona kila mahali: kanisani wakati wa sadaka, kwenye soko la mitumba, kwa mzee anayeuza viazi kando ya barabara. Unaweka namba ya mtu, kiasi, umemaliza. Kwa macho inafanana kabisa na yetu.

Lakini ndani ni kitu kingine. Pochi yako ya hapa imefungwa kwenye laini. Una kitambulisho, una laini, unaweka keshi kwa ajenti, tayari una pesa kwa simu hata kama hujawahi kuingia benki maishani. Swish haina ajenti na haina pochi. Inahamisha pesa moja kwa moja kutoka akaunti ya benki moja ya Uswidi hadi nyingine, na namba ya simu ni kama jina la utani la akaunti hiyo. Ili kuthibitisha kwamba ni wewe, unahitaji kitambulisho cha kidijitali kiitwacho BankID, na hicho kinataka namba ya utambulisho ambayo wanaipata wanaosajiliwa kama wakazi, kwa kawaida watu wanaokuja kukaa mwaka mmoja au zaidi.

Kwa hivyo mgeni wa wiki mbili hana njia. Ukiona kibao kimeandikwa Swish peke yake, muulize muuzaji "kort?", yaani kadi. Akikataa, mwombe mwenyeji wako akulipie nawe umrudishie. Hakuna aibu hapo. Dada wa mwenzetu alilipia vikombe vya kahawa visivyohesabika.

Na keshi je? Noti na sarafu ni halali, ila duka au mkahawa unaweza kuweka tangazo mlangoni kwamba haupokei, na wengi wameweka. Basi nazo kwa kawaida hazipokei. Cha kushangaza ni kwamba serikali yenyewe imeanza kuwa na wasiwasi: mwishoni mwa 2024 ilisambaza kijitabu nyumba kwa nyumba kuhusu kujiandaa kwa dharura au vita, na moja ya mashauri yake lilikuwa kila nyumba iweke keshi ya kutosha wiki moja. Sisi tunaouza malipo ya simu hatuna budi kukubali kwamba wamesema kweli.

Kabla hujapanda ndege

Kadi ya mtandaoni uliyoiunganisha na pochi yako ni nzuri kwa kulipia tiketi ya treni au hoteli ukiwa bado Nairobi. Ukifika, beba pia kadi ya plastiki ya benki, yenye chipu, na uwe unaikumbuka PIN yake kichwani. Kule unagusisha tu kadi kwenye mashine kwa malipo madogo, lakini ikizidi krona 400 mashine inadai PIN. Hata chini ya hapo huidai mara moja moja. Waambie benki yako unasafiri. Kadi ikianza ghafla kutumika karibu na Aktiki, mfumo wa benki unaweza kuifunga ukidhani imeibwa.

Halafu kuna laini. Watu wengi wanatoa laini ya Kenya wakifika na kuweka ya kule ili wapate data ya bei nafuu, kisha wanajaribu kulipa mtandaoni na msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwa SMS kwenye laini iliyolala ndani ya begi. Washa huduma ya romingi ukiwa bado nyumbani, uijaribu, na kama simu yako inachukua laini mbili, acha ya Kenya ndani. Zima data yake tu isije ikakumalizia pesa usiku mmoja.

Krona huzipati kirahisi kwenye maduka ya kubadilisha fedha Nairobi. Ukimpata mtu anayekuuzia "kwa bei ya rafiki", kuwa mwangalifu sana. Uswidi ilibadilisha noti zake kati ya 2015 na 2017, na za zamani haziwezi tena kununua kitu dukani. Noti ya 500 ya sasa ina sura ya mwimbaji Birgit Nilsson. Ile yenye Mfalme Karl XI ilikwisha muda mwaka 2017. Noti ya 1,000 ya sasa ina Dag Hammarskjöld, yule katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961. Ukitaka keshi kidogo ya dharura, toa kule kule kwenye mashine ya Bankomat. Ni ya buluu, inaonekana kwa mbali.

Swali la mashine linalokula pesa yako

Ukitoa pesa au kulipa kwa kadi ya kigeni, wakati mwingine mashine inakuuliza: ulipe kwa krona au kwa sarafu ya kadi yako? Ile sarafu unayoizoea inaonekana salama, kwa sababu unaona kabisa utakatwa ngapi. Usiichague. Hapo mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na anajiwekea faida yake ndani. Tuseme amejiongezea asilimia 5: kwenye hoteli ya krona 4,000 umepoteza krona 200, ambazo kwa shilingi ni zaidi ya elfu mbili. Chagua krona kila mara, uiachie benki yako ibadilishe.

Hoteli nayo ina tabia ya kushika kiasi fulani kwenye kadi unapoingia, kama dhamana. Pesa haijaenda, lakini huwezi kuitumia. Kama una salio la kubana, uliza mapema wanashika ngapi.

Ukiwa mjini

Bei zitakuuma, tusidanganyane. Chakula cha jioni mkahawani kinaweza kumaliza bajeti ya siku nzima. Wenyeji wenyewe wanakula nje mchana: siku za kazi, mikahawa mingi inauza mlo wa mchana wa bei moja, na ndani yake kuna saladi, mkate na kahawa. Kula hapo ushibe, jioni upike. Maji ya bomba ni ya kunywa, ni bure, na ni matamu. Chupa na mikebe ya soda usitupe: umelipia amana wakati wa kununua, na kwenye supamaketi kuna mashine inayozimeza na kukupa risiti ya kulipia nayo.

Jambo la kufurahisha ni kwamba vitu vizuri zaidi Luleå havitaki malipo kabisa. Bahari ya huko ina chumvi kidogo sana, hata samaki wa maji baridi wanaishi ndani yake, na kila mwaka inaganda. Ikishaganda vya kutosha, mji unalima njia pana juu ya barafu kuzunguka katikati ya mji, kutoka bandari ya kusini hadi ya kaskazini. Watu wanatembea, wanateleza, wanasukuma watoto kwenye vigari vya theluji, baharini! Mtu wa Mombasa ukimsimulia atadhani unamchezea. Kaa kwenye njia iliyotengenezwa tu. Nje ya hapo barafu haina dhamana.

Mahali pa pili ni Gammelstad, kama kilomita kumi kutoka mjini kwa basi. Hapo ndipo Luleå ilipoanzia mwaka 1621, pembeni mwa kanisa la mawe la karne ya 15. Wakati huo palikuwa bandari. Lakini ardhi ya huko inapanda polepole tangu barafu kubwa ya kale iliyoilemea ilipoyeyuka, karibu milimita tisa kwa mwaka, na hiyo kwa karne moja ni karibu mita nzima. Meli zikashindwa kufika, na mwaka 1649 mji ukahamishwa kuifuata bahari. Kilichobaki ni kanisa na vibanda zaidi ya 400 vya mbao, vingi vyekundu. Waumini waliishi mbali mno kwenda na kurudi siku moja, kwa hivyo kila familia ilijenga kibanda cha kulala Jumapili. Tangu 1996 ni urithi wa dunia wa UNESCO, na kutembea katikati yake ni bure.

Sasa turudi kwa simu. Betri haipendi baridi. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inaweza kuzima ikiwa na chaji ya kutosha tu, kama ilivyomfanyia mwenzetu. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, si mfuko wa koti. Nunua tiketi ya basi ukiwa bado ndani ya nyumba. Kadi ya plastiki iwe mfuko tofauti na simu, na anwani unayorudi uiandike kwenye karatasi.

Waliobaki nyumbani

Safari ya mtu mmoja ni fursa ya tapeli. Umeweka picha ya theluji mtandaoni, siku ya pili mama anapokea simu: "Mtoto wako amekamatwa uwanja wa ndege Ulaya, tuma elfu thelathini haraka." Wewe umelala, simu imezima kwa baridi, na mama hawezi kukupata. Hapo ndipo pesa inatoka.

Kabla ya kuondoka, kubalianeni neno moja la siri ambalo ni lenu tu. Anayedai kuwa wewe, au kuwa ametumwa na wewe, alitaje. Asipolitaja, hakuna kutuma, hata akilia. Na PIN ya pochi yako usimwachie mtu "anisaidie kulipa kodi nikiwa huko." Lipa mwenyewe kabla hujasafiri, au umtumie huyo mtu pesa alipe kwa jina lake.

Ukipoteza simu kule, tupigie kwa simu ya mwenyeji tufunge pochi mara moja, halafu upigie benki kuhusu kadi. Kumbuka tofauti ya saa. Ukirudi, pitia taarifa ya kadi baada ya wiki moja au mbili, uone kama ile pesa iliyoshikwa na hoteli imeachiliwa. Isipoachiliwa, piga benki ukiwa na risiti mkononi.