Kichwa cha Injini na Joto Lisiloonekana

Lori lipandalo vilima vya Muleba kuelekea Bukoba, likiwa limesheheni ndizi au kahawa, huitaabisha injini yake. Tena nchi hiyo iko juu. Uso wa Ziwa Viktoria ni mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka hapo kwa nyuzi 96 hivi za Sentigredi, si 100. Kwa hiyo mfuniko wa rejeta, uzuiao mvuke usitoke, si kitu cha kudharauliwa. Ukilegea, maji huchemka mapema, na kichwa cha injini (silinda hedi) kilichosubiwa kwa aloi ya alumini hupinda au hupata ufa baina ya vali.

Ufa huo huweza kuchomelewa. Lakini joto la alumini halisomeki kwa macho.

Ufundi wa metali ni wa kale katika eneo hili. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza, kutokana na tanuru zilizofukuliwa karibu na Kemondo, kwamba chuma cha pua kilitengenezwa huko zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mhunzi wa chuma huongozwa na rangi: wekundu, umanjano, kisha weupe. Aloi ya kichwa cha injini huanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 600, nayo mchana haionyeshi wekundu wowote. Hubomoka ghafla kama uji. Juu yake mna utando wa oksaidi usioyeyuka mpaka nyuzi zipatazo 2,050, ambao hauna budi kukwanguliwa. Kabla ya kuchomelea, kichwa kizima hupashwa moto polepole ili kisipasuke upya. Tone la maji likirukaruka juu yake badala ya kutulia na kuchemka, joto limekaribia nyuzi 200, nalo latosha.

Mshono ukishapoa, shida nyingine hubaki. Nguvu ya aloi hii hutokana na chembe ndogo mno za magnesiamu na silikoni zilizotapakaa ndani yake. Moto wa kuchomelea huzikuza na kuzipunguza idadi, na metali iliyo kandokando ya mshono hulegea. Gasketi huizamia, kisha gesi hupenya.

Kuirudishia nguvu ni kama habari ya sukari na chai. Chai ya moto huyeyusha sukari nyingi kuliko ya baridi. Vivyo hivyo kichwa hutiwa katika tanuru ya nyuzi 540 hivi kwa saa kadhaa, chembe zikayeyuka ndani ya metali ingali mango. Kisha hutumbukizwa katika maji ya moto, zisipate nafasi ya kujitenga. Mwisho hupashwa tena kwa nyuzi 155 hadi 170 kwa saa chache, nazo huzaliwa upya, ndogo na nyingi. Tanuru isiyo na kipimajoto haifai hata kidogo, maana kati ya joto litakiwalo na kuyeyuka pana nyuzi chache tu.

Kwa kuwa kazi hiyo hukipinda kichwa, uso wake husawazishwa kwa mashine baadaye, si kabla.