Kuunganisha mifumo ya biashara: Makosa manne yanayoziponza kampuni

Jumapili jioni, Aprili 22, 2018, benki ya TSB ya Uingereza iliwasha mfumo wake mpya. Muda mfupi baadaye malalamiko yakaanza kumiminika. Wapo walioshindwa kuingia kwenye akaunti zao, na wapo walioingia wakakuta taarifa za watu wengine.

Benki hiyo yenye wateja milioni 5.2 ilikuwa inauacha mfumo wa Lloyds, iliyokuwa ikiimiliki zamani, na kuhamia ule ulioandaliwa na mmiliki wake mpya, Sabadell ya Hispania.

Cha kushangaza, taarifa za wateja zenyewe zilihama salama. Kilichogoma ni mfumo uliozipokea. Hali ilichukua miezi kadhaa kutulia kabisa, mpaka Desemba mwaka huo.

Kwa lugha nyepesi, kuunganisha mifumo ni kuzifanya programu mbili au zaidi zizungumze: mauzo na stoo, stoo na uhasibu, uhasibu na malipo ya simu. Mengi yanayoharibika hapo huanzia kwenye maamuzi ya watu, hata kabla fundi hajagusa kompyuta. Haya ni makosa manne yanayojirudia.

1. Kupanga tarehe kabla ya kujua kazi

Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa TSB ilichagua kwanza tarehe ya kumaliza, kisha ikarudi nyuma kupanga kazi ili zitoshee humo. Ratiba ya namna hiyo ikianza kubana, kinachokatwa mara nyingi ni majaribio.

Kampuni ya chokoleti ya Hershey, Marekani, ilishauriwa kutumia miezi 48 kubadili mifumo yake. Ikataka 30.

2. Kujaribu nusu nusu

Mfumo mpya wa TSB uliendeshwa kutoka vituo viwili vya data. Majaribio ya kuona kama utahimili mzigo yalifanywa kwenye kimoja tu. Ilidhaniwa viwili hivyo vinafanana, kumbe sivyo.

Kwa biashara ndogo, swali ni lile lile. Mfumo ukifanya kazi kwa miamala 10 ofisini, je, utahimili msururu wa mwisho wa mwezi? Na mtandao ukikatika katikati ya malipo, mteja atakatwa pesa mara mbili au malipo yatapotea?

3. Kuwasha vyote kwa mkupuo

Julai 1999, Hershey iliwasha mifumo mitatu kwa pamoja, ikiwemo wa kupokea oda na wa kupanga usafirishaji. Hicho ndicho kipindi ambacho maduka huanza kuagiza pipi za sikukuu ya Halloween, inayoadhimishwa Oktoba 31. Bidhaa zilikuwepo ghalani, lakini oda za zaidi ya dola milioni 100 zikashindwa kuwafikia wateja kwa wakati.

Mifumo mitatu ikiharibika siku moja, hata kujua tatizo limeanzia wapi ni kazi. Ni nafuu kuanza na tawi moja, msimu biashara ikiwa imepoa, huku mfumo wa zamani ukiwa bado uko hai.

4. Kuunganisha data zisizoelewana

Chukulia duka la jumla. Programu ya mauzo inahesabu soda kwa chupa, ya stoo inahesabu kwa kreti. Zikiunganishwa hivyo hivyo, mteja akinunua chupa 3, stoo inapunguza kreti 3. Programu zote mbili ni nzima, ila hazikubaliani maana ya "3".

Lidl, kampuni kubwa ya maduka ya Ujerumani, ilikwama kwenye jambo la aina hiyo. Yenyewe ilizoea kuthamini stoo kwa bei ya kununulia, wakati programu ya SAP iliyonunua ilitumia bei ya kuuzia. Badala ya kubadili utaratibu wake, ikaagiza programu ifumuliwe iendane na mazoea yake. Mwaka 2018, baada ya miaka saba na takribani euro milioni 500, iliachana na mradi huo.

Nani anabeba lawama?

Wengi hujibu haraka: aliyeuza mfumo. Wasimamizi wa benki nchini Uingereza hawakuona hivyo. Kazi ya TSB ilifanywa na kampuni dada iliyo chini ya Sabadell, pamoja na wakandarasi wake. Hata hivyo, Desemba 2022 TSB yenyewe ndiyo iliyotozwa faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata, aliyekuwa mkuu wake wa teknohama akatozwa binafsi pauni 81,620 kwa kutohakikisha ipasavyo kuwa mkandarasi yuko tayari.

Kwa hiyo fundi akisema "bosi, kila kitu kiko sawa, tuwashe", muombe kwanza akuonyeshe matokeo ya majaribio. Muulize pia mkikwama mtarudi vipi kwenye mfumo wa zamani, na itachukua saa ngapi. Asipokuwa na majibu, sogezeni tarehe mbele.