Jinsi Kishikwambi Kisomavyo Mwandiko

Mwalimu aandikapo neno "maji" ubaoni, kila mwanafunzi hulisoma mara moja. Hulisoma hata kama chaki imekatika na kuacha herufi moja nusu. Macho huona mistari, na ubongo huitambua mistari hiyo kuwa herufi. Sisi tunaiona kazi hii kuwa nyepesi kwa sababu tumeifanya tangu darasa la kwanza. Kwa mashine, kazi hii ni ngumu.

Katika somo hili tutajifunza jinsi kishikwambi kigeuzavyo mwandiko wa mkono kuwa herufi za chapa. Tutaona pia kwa nini hukosea, na jambo linalotupasa kufanya ili makosa hayo yasilete madhara.

Kishikwambi ni nini?

Kishikwambi ni kompyuta bapa inayoshikwa mkononi. Ukubwa wake hukaribia ule wa daftari, na upande wake wa mbele ni kioo. Makarani wa Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022 walitumia vishikwambi kuandika habari za kila kaya. Baada ya sensa hiyo, vishikwambi viligawiwa walimu. Huenda umewahi kukiona kimoja shuleni kwako.

Kioo huhisije kalamu?

Chini ya kioo mna nyuzi nyembamba sana zipitishazo umeme. Nyuzi hizo hazionekani kwa macho. Baadhi zimelala na baadhi zimesimama, nazo hukatana kama mistari ya miraba katika daftari la hesabu.

Ukigusa kioo kwa kidole, umeme ulio mahali hapo hubadilika kidogo, kwa kuwa mwili wa mtu hupitisha umeme. Kishikwambi hupima badiliko hilo na kujua mahali lilipotokea. Kijiti kikavu hakipitishi umeme vizuri. Ndiyo maana ukigusa kioo kwa kijiti, kishikwambi hakihisi kitu. Kwa kuandikia, watu wengi hutumia kalamu maalumu ambayo kioo huweza kuihisi.

Kila mahali penye kuguswa hupewa namba mbili. Namba ya kwanza huonyesha umbali wa kwenda kulia, na ya pili huonyesha umbali wa kwenda chini. Kalamu inapotembea, kishikwambi huandika namba hizo mara nyingi katika kila sekunde. Kwa hiyo mwandiko wako huingia katika kishikwambi ukiwa orodha ndefu ya namba.

Njia hii ya kuandika mahali kwa namba si mpya. Mwaka 1964 shirika la RAND la Marekani lilionyesha kibao cha kuandikia kilichounganishwa na kompyuta. Kila upande wa sehemu yake ya kuandikia ulikuwa na urefu wa sentimita 25 hivi, na kibao kiliweza kutofautisha mahali zaidi ya milioni moja.

Jaribio: Kupeleka herufi kwa namba

Vifaa: karatasi mbili, penseli na rula.

Njia:
1. Fanyeni kazi wawili wawili. Kila mmoja achore miraba 10 kwenda kulia na miraba 10 kwenda chini.
2. Mwanafunzi wa kwanza aandike herufi moja kubwa juu ya miraba yake bila mwenzake kuiona.
3. Aorodheshe miraba yote iliyopitiwa na penseli. Kwa mfano, mraba wa tatu kwenda kulia na wa tano kwenda chini huandikwa 3, 5.
4. Amsomee mwenzake orodha hiyo. Mwenzake atie kivuli katika miraba inayotajwa, kisha aseme ni herufi gani.
5. Badilishaneni zamu. Mara hii andikeni herufi kwa haraka, bila uangalifu.

Mmeona nini? Namba zimetosha kulipeleka umbo la herufi kutoka karatasi moja hadi nyingine. Lakini katika orodha yote hapakuwa na namba iliyosema, "Hii ni a," wala "Hii ni u." Aliyeitambua herufi ni mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kusoma.

Picha ya herufi na herufi yenyewe

Katika kompyuta, kila herufi ya chapa ina namba yake moja. Herufi a ni 97, b ni 98, c ni 99, na kuendelea hivyo hadi z, ambayo ni 122. Neno "maji" huwekwa kwa namba nne tu: 109, 97, 106, 105.

Mwandiko wa kalamu, kama tulivyoona, ni orodha ndefu ya mahali kalamu ilipopita. Huo ni picha tu. Kishikwambi hakiwezi kulitafuta neno "maji" ndani ya picha hiyo, wala kurekebisha herufi yake moja. Kikisha kuigeuza picha kuwa namba za herufi, huweza kulitafuta neno, kulirekebisha na hata kulisoma kwa sauti. Hiyo ndiyo faida ya kugeuza mwandiko kuwa chapa.

Mashine hujifunza kwa mifano

Kazi ya kutambua herufi hufanywa na programu. Programu hufunzwa kwa kuonyeshwa mifano mingi ya mwandiko wa watu mbalimbali, na kila mfano huambatana na jibu lake.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Marekani walitayarisha picha 70,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Waandishi wake walikuwa wafanyakazi wa ofisi ya sensa na wanafunzi wa sekondari. Picha 60,000 zilitumika kufunza kompyuta. Zile 10,000 zilizobaki zilitumika kuipa mtihani, ili ijulikane kama yaweza kusoma mwandiko ambao haijapata kuuona.

Programu iliyofunzwa hivyo haina uhakika kama ulio nao wewe. Hulinganisha na kukisia. Tuseme umeandika neno "kalamu", na herufi ya mwisho haikuandikwa vizuri. Programu huipa kila herufi alama: labda u alama 45, v alama 40, na n alama 15. Kisha huchagua yenye alama nyingi.

Lugha husaidia

Hapo u na v zimekaribiana sana. Programu hutafuta msaada katika lugha. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache, huishia kwa irabu: a, e, i, o au u. Kwa hiyo u huongezewa alama na v hupunguziwa.

Maneno ya jirani husaidia pia. Ikiwa neno la kwanza halisomeki vizuri, na yawezekana kuwa "moto" au "mtoto", programu hutazama neno linalofuata. Likiwa "unawaka", neno la kwanza huwa "moto". Likiwa "analia", huwa "mtoto".

Msaada huo huweza kugeuka kuwa kikwazo. Kishikwambi kilichowekwa katika lugha ya Kiingereza hutafuta maneno ya Kiingereza, hata kama wewe umeandika Kiswahili. Huweza kuharibu neno uliloliandika vizuri. Basi kabla ya kuandika, hakikisha kwamba umechagua lugha unayoitumia.

Hatari ya tarakimu

Lugha haisaidii sana katika tarakimu. Kilo 11 ni uzito, na kilo 17 pia ni uzito. Hakuna kanuni ya sarufi inayokataa mojawapo.

Fikiri juu ya zahanati. Dawa nyingi za watoto hupimwa kwa kufuata uzito wa mtoto. Muuguzi akiandika kilo 11 kwa haraka, na kishikwambi kikachapa kilo 17, mtoto aweza kupewa dawa inayozidi kiasi chake. Neno lililokosewa humshtua msomaji, naye hulisahihisha. Tarakimu iliyokosewa hupita kimya, tena ikiwa katika chapa safi, ambayo watu huiamini upesi.

Kwa sababu hiyo, kila anayegeuza mwandiko kuwa chapa afuate kanuni hizi:

1. Aandike herufi na tarakimu wazi, na aache nafasi baina ya neno na neno.
2. Atofautishe 1 na 7, 0 na 6, u na v.
3. Asome chapa yote akiilinganisha na mwandiko, na kila tarakimu aikague peke yake.
4. Asifute mwandiko wa kwanza kabla ya kumaliza kukagua. Mwandiko huo ndio ushahidi wa kile kilichoandikwa.

Mashine husoma upesi, lakini haijui maana ya kilo wala haimwoni mtoto aliye juu ya mizani. Wewe wajua na unaona. Kwa hiyo kazi ya kukagua ni yako.

Maswali

1. Kwa nini kioo huhisi kidole lakini hakihisi kijiti kikavu?
2. Eleza tofauti baina ya picha ya herufi na herufi ya chapa.
3. Soma neno hili: 100, 97, 100, 97. Kisha andika jina lako kwa namba za herufi ndogo.
4. Programu imeshindwa kuamua kama neno ni "kiti" au "miti". Neno linalofuata ni "kimevunjika". Ni neno lipi litachaguliwa? Toa sababu.
5. Pimeni urefu wa wanafunzi watano na kuuandika kwa sentimita. Mpeni mwanafunzi wa darasa jingine anakili namba hizo bila kuwauliza. Je, amekosea namba yoyote? Mngewezaje kuligundua kosa hilo kama mngekuwa mmeitupa karatasi ya kwanza?